Kichwa cha Jedwali la Tano

Mchapaji alimtambua mumewe kwenye mstari wa kumi na moja. Majina hayakuwapo, mtafiti alikuwa ameyaondoa yote, akaacha namba, idara, jeraha na siku za kulazwa. Lakini idara ya kuloweka ngozi ilikuwa na watu sita tu, na ni mmoja aliyevunjwa taya mahali pawili na kidole gumba cha kushoto, akalazwa siku tisa. Aliuchapa mstari huo kama alivyouchapa wa kumi, kisha akaenda wa kumi na mbili: mbavu tatu. Wa kumi na tatu: jicho la kulia, halioni. Mistari yote ilikuwa ishirini na saba.

"Kichwa chake nimekiandika kwa penseli hapo pembeni," mtafiti alisema nyuma ya kiti chake. "Kinakaa juu au chini?"

"Cha jedwali kinakaa juu. Cha picha ndicho kinakaa chini."

"Nani kasema?"

"Waliosoma, mwalimu. Sisi wengine tunafuata tu."

Mama Nakala, mwenye duka, alicheka huku akilisha karatasi mashine ya kurudufu. Duka lilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara ya kiwandani: kompyuta mbili, mashine hiyo, meza ya chuma yenye droo nzito, na ukuta mzima wa fomu za kiwanda cha ngozi, ambacho ndicho kilikuwa mteja wao mkubwa.

Maneno ya penseli yalisomeka hivi: *Wafanyakazi waliopigwa na walinzi langoni.* Mchapaji aliyaweka juu ya jedwali. Namba hakuiandika kwa mkono. Aliiachia kompyuta ihesabu yenyewe, ili jedwali likiongezwa au likitolewa, yanayofuata yajipange bila kuguswa. Halafu akarudi ukurasa wa nne, akaiamuru ikusanye vichwa vyote. Orodha ya Majedwali ikajitokeza, tisa kwa jumla, kila moja na ukurasa wake.

"Hii orodha usiiamini sana," alimwambia mtafiti. "Ukibadilisha kichwa huku ndani, yenyewe haijui mpaka uiambie ijisasishe. Ni kama mtu aliye safarini. Habari alizonazo ni za siku aliyoondoka."

"Hatubadilishi kitu. Baraza la kazi linakaa Alhamisi. Likilikubali hili jedwali, hao ishirini na saba wanarudi kazini na kiwanda kinawatibu. Likilikataa," alishusha sauti, "hati ya polisi imeshaandikwa. Kuvamia lango. Wote ndani, na walio vitandani wanafungwa pingu kitandani."

Mchapaji alihifadhi kazi, akahifadhi tena kwenye flashi. Hakumwambia kwamba mstari wa kumi na moja unamsubiri nyumbani.

 

Mtaani mumewe aliitwa Redio, kwa sababu alikuwa hazimiki. Sasa daktari alikuwa amemfunga meno ya juu na ya chini kwa waya, na maneno yalimtoka kwa kupenya. Jirani wa mlango wa pili hakuacha kupita dirishani kila jioni na kuuliza, "Redio, leo tuko stesheni gani?" Redio alikuwa akiinua kidole kimoja kumjibu, si cha heshima.

Jua lilikuwa bado halijatua mchapaji alipomchujia supu, akampa mrija. Walikuwa na vyumba viwili. Cha mbele alilala shemeji, mdogo wake Redio, mlinzi wa kiwanda kilekile. Aliingia akiwa na sare, rungu kiunoni, akalivua na kulisimamisha pembeni ya mlango kama mtu anavyosimamisha mwavuli.

"Shikamoo, kaka."

Redio alivuta supu yake.

"Shemeji, wanasema ripoti mnaichapa nyie."

"Tunachapa vingi."

"Ile ya lango. Kichwa chake kinasemaje?"

"Unakitakia nini?"

"Mkuu wa zamu ameuliza. Najua nakaa na nani, na yeye anajua."

"Mwambie," Redio alisema kupitia waya. "Mwambie shemeji yako kinavyotakiwa kusema. Ulikuwepo."

"Kaka, mimi nilikuwa lango la nyuma."

"Ulikuwa mbele yangu."

Mchapaji alisimama na mwiko mkononi. Siku tisa hospitalini na kumi na mbili nyumbani, mumewe alikuwa hajamwambia ni nani. Alisema tu kwamba walikuwa wengi. Wafanyakazi wa ulowekaji walikataa kushuka kwenye shimo ambalo hewa yake ilikuwa imemuua mwenzao. Wakaondoka pamoja na wenzao wa idara nyingine, wakakuta lango limefungwa na walinzi wamejipanga. Hayo ndiyo aliyoyajua.

"Mara ngapi?" Redio aliuliza. "Mpe hesabu. Yeye anapenda hesabu."

Redio akanyanyuka, akaishika sufuria ya supu kwa mkono wa kulia, akampiga nayo usoni. Supu ya moto iliwarukia wote watatu. Alimpiga tena juu ya nyusi, ngozi ikapasuka, na mara ya tatu mpini ukang'oka. Shemeji hakuinua mkono. Alikaa sakafuni, damu ikimwingia jichoni, naye Redio akawa anahema kwa pua, waya umemkata mdomo kwa ndani, mate mekundu yakimtiririka kidevuni.

"Nilidhani utakimbia," shemeji alisema. "Nilipokuona nilikuachia upande wa kushoto upite. Mbona hukukimbia, kaka?"

"Kwa hiyo ukanipiga."

"Mkuu wa zamu alikuwa nyuma yangu. Asiyepiga alikuwa anapigwa yeye. Taya nilikuvunja mimi. Kidole pia, ulipojikinga."

Mchapaji alimtupia kitambaa. Hakukielekeza vizuri, kilimwangukia miguuni, na hakuna aliyekiokota.

 

Jumatatu saa nne asubuhi mtafiti alirudi dukani, lakini safari hii hakuja peke yake. Mbele alitangulia afisa utumishi wa kiwanda, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Nyuma walifuata walinzi wawili. Mtafiti alikuwa katikati, sikio moja limevimba na lina damu iliyokauka, miwani haipo.

"Dada, habari za kazi. Tuna marekebisho ya neno moja tu," afisa alisema, akavuta kiti bila kukaribishwa. "Ukurasa wa ishirini na tatu. Toa 'waliopigwa na'. Weka 'walioshambulia'."

Mchapaji alisoma kichwa hicho moyoni. *Wafanyakazi walioshambulia walinzi langoni.* Chini yake mistari ilibaki ileile ishirini na saba, mifupa ileile.

"Na mbavu tatu?"

"Zimefanya nini?"

"Aliyeshambulia ndiye mwenye mbavu tatu. Walinzi hawana hata kucha iliyong'oka."

"Dada, wewe ni mchapaji au hakimu?"

Mama Nakala alikohoa. Mchapaji akamtazama mtafiti. "Mwalimu, ripoti ni yako."

Mtafiti alifungua mdomo. Mlinzi mmoja akamzaba kofi kwenye lile sikio lililovimba, bila hasira, kama mtu anayegonga televisheni ikamate picha. Mtafiti alishika ukingo wa meza, akasema, "Badilisha."

"Hapo tu," afisa aliongeza, akisogeza uso karibu na kioo. "Usije ukanichanganyia kurasa. Usiguse kitu kingine chochote."

Mchapaji alifuta maneno mawili, akaandika moja. Aliambiwa asiguse kitu kingine, hakugusa. Ukurasa wa nne ulibaki na habari za siku ya kuondoka. Kama alisahau au alitii, mwenyewe asingeweza kuapa. Alichapisha nakala arobaini, Mama Nakala akazijalidi, mtafiti akatia sahihi. Afisa akauchukua ukurasa wa mswada wenye kichwa cha penseli, akaukunja mara nne na kuutia mfukoni.

"Mna kazi safi," alisema mlangoni. "Fomu za mwezi ujao zitakuja hapahapa."

 

Nakala zilitawanywa Jumanne. Kufikia Jumatano mchana ukurasa wa nne ulikuwa umepigwa picha na kuzunguka kwenye simu za nusu ya mji. *Jedwali la 5: Wafanyakazi waliopigwa na walinzi langoni ..... 23.* Watu walifunua ukurasa wa ishirini na tatu, wakakuta wapigwa wamegeuka wapigaji, wakacheka kicheko kisicho cha furaha.

Saa nane na nusu mkuu wa zamu aliingia dukani na walinzi wawili. Wa tatu aliachwa mlangoni, mgongo kwa ndani, plasta juu ya nyusi. Mchapaji aliutambua mgongo huo. Alikuwa akiufulia mashati.

Mama Nakala aliwahi kusimama. "Wanangu, hapa ni dukani." Mmoja wao alimpiga na boksi la karatasi kifuani, akaanguka na kiti chake, pumzi ikamkatika kwa mlio mdogo kama wa mlango.

"Mkono upi unachapia?" mkuu wa zamu aliuliza.

"Yote miwili."

"Basi tuanze na huu."

Alifungua droo ya meza ya chuma. Mlinzi mmoja alimshika mchapaji nywele, mwingine akamnyoosha mkono wa kulia na kuulaza juu ya ukingo. Mkuu wa zamu akaisukuma droo kwa goti. Mara ya kwanza mchapaji hakupiga kelele, kwa sababu hakuamini. Mara ya pili alipiga.

"Mkuu, inatosha," alisema aliye mlangoni, bila kugeuka.

"Nani kakuuliza?"

Mara ya tatu mfupa ulisikika. Walipomwachia, vidole vitatu vilitazama upande ambao vidole havitazami.

"Kesho baraza litakuuliza kuhusu orodha," mkuu wa zamu alisema, akijifuta goti. "Utasema neno moja. Nilikosea. Unaweza?"

Hakungoja jibu. Walipotoka, shemeji aliingia hatua moja, akamtazama mchapaji, akatazama droo. Mama Nakala alimwambia kutoka sakafuni, "Na wewe toka, mlango umeshalindwa." Akatoka.

Nyumbani, Redio aliutazama mkono uliofungwa bandeji na vijiti. Hakuuliza ni nani.

"Alikuwepo?"

"Mlangoni."

Usiku ule kitanda cha chumba cha mbele hakikulaliwa.

 

Mwenyekiti wa baraza alikuwa mama wa makamo aliyesoma kila kitu mara mbili, mara ya pili akifuata kwa kalamu. Ukumbi ulijaa. Upande mmoja walikaa watu wa magongo na bandeji, Redio akiwa wa mwisho katika benchi. Upande wa pili afisa utumishi na safu ya sare, shemeji akiwa miongoni mwao.

"Ripoti hii ina vichwa viwili kwa jedwali moja," mwenyekiti alisema. "Mwandishi, kipi ni chako?"

Mtafiti alisimama. Miwani yake mpya ilikuwa imemkaa kombo kwa sababu ya sikio. "Sikumbuki, mheshimiwa."

"Hukumbuki kama watu hawa walipiga au walipigwa?"

"Sikumbuki nilivyoandika."

Akaitwa mchapaji. Alipita mbele akiwa ameubeba mkono kwenye kitambaa kilichofungwa shingoni. Mkuu wa zamu, katika safu ya mbele, aliinua goti lake kidogo na kulishusha.

"Orodha ya ukurasa wa nne, ulikosea?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Eleza."

"Orodha mtu haiandiki. Kompyuta inaikusanya kutoka kwenye vichwa vilivyomo. Kichwa kikibadilishwa baadaye na orodha isisasishwe, inabaki na kile cha kwanza. Kwa hiyo cha kwanza kilikuwa 'waliopigwa na walinzi'. Kwenye mswada kilikuwa kwa penseli."

"Mswada uko wapi?"

"Kwenye mfuko wa afisa utumishi. Ulikuwa, Jumatatu."

"Na aliyebadilisha?"

"Mimi. Aliyesema nibadilishe ni yeye. Aliyezabwa kofi ili akubali ni mtafiti."

Ukumbi ulinong'ona. Afisa alinyanyuka taratibu, akafunga kifungo cha koti. "Mheshimiwa, ingefaa baraza lijue kwamba shahidi ni mke wa namba kumi na moja."

"Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Hukutuambia."

"Nimeitwa kuelezea orodha, mheshimiwa. Mume sikuulizwa."

Wachache walicheka. Mwenyekiti hakucheka; aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba neno la mke halitoshi, na neno la afisa bila mswada halitoshi. Vichwa vyote viwili vifutwe. Jedwali lenyewe libaki, kwa kuwa majeraha hayabishaniwi.

"Jedwali lisilo na kichwa haliingii kwenye orodha," mchapaji alisema. "La sita litajiita la tano, na hili halitakuwa na namba. Mtu akisoma ataona mbavu na taya, asijue ni za ajali au za mpira. Na hati ya polisi ndiyo itakayoliandikia kichwa."

"Nimekusikia. Sina njia nyingine, mpaka aseme mtu aliyekuwapo na ambaye hayumo kwenye jedwali."

Upande wa sare mtu mmoja akasimama. Mkuu wa zamu alimshika mkanda ili akae. Aliyesimama akautoa mkono huo kiunoni mwake.

"Namba kumi na moja nilimpiga mimi," shemeji alisema. "Kwa rungu. Taya mara mbili, kidole mara moja. Hakuwa na kitu mkononi. Hakuna aliyekuwa na kitu. Lango tulilifunga sisi kwanza, kwa amri, ndipo tukaanza."

"Kaa chini wewe," afisa alisema.

"Namba kumi na mbili alipigwa na huyu hapa kushoto kwangu. Kumi na tatu, lile jicho, alimpiga mkuu wa zamu. Wengine naweza kuwataja mmoja mmoja, mheshimiwa, kama una karatasi."

Mwenyekiti alikuwa nayo. Ilichukua dakika ishirini. Alipomaliza alisema kichwa cha kwanza ndicho kitasimama, hati ya polisi isitumike, na ripoti irudi mezani kwake kesho saa nane mchana ikiwa imesahihishwa na kutiwa sahihi.

Nje, sare saba zilikuwa zimeshatangulia kufika kwenye lango la baraza. Polisi wawili wa pale walikuwa wamekumbuka kazi sehemu nyingine. Shemeji alivua kofia, akaiweka kwenye mkono mzima wa mchapaji.

"Shemeji, mpitishe kaka mlango wa nyuma."

"Twende wote."

"Wakinikosa mimi watawafuata nyie nyumbani. Nyumba wanaijua."

Redio alimshika mdogo wake ukosi. Kwa nukta kadhaa haikujulikana kama anamvuta au anamsukuma. Shemeji akaondoa vidole vya kaka yake kimoja kimoja, akikigusa kwa uangalifu kile cha gumba kilichofungwa, akaenda langoni. Alikwenda kama anayeripoti zamu. Walimpokea kwa rungu la magoti, na alipokuwa chini waliendelea kwa buti, bila kelele, kila mmoja akimpisha mwenzake. Redio alipiga mayowe ndani ya waya, sauti isiyo na maneno, akanyakua gongo la mwenzake na kukimbia kuelekea kule. Watu wa bandeji wakamfuata. Sare zilitawanyika zilipoona ukumbi mzima unakuja, lakini zilikuwa zimeshamaliza.

 

Ijumaa asubuhi mchapaji alikaa mbele ya kompyuta na mkono wa kushoto peke yake. Alirudisha maneno mawili mahali pa lile moja, herufi kwa herufi, akiitafuta kila moja kana kwamba kibodi ni ya jirani. Mama Nakala, kifua kimefungwa, alikuwa ameinamia mashine. Fomu za kiwanda alikuwa amezibandua ukutani zote.

"Karatasi ya kuwashia moto haitatusumbua," alisema.

Mtafiti alikuwa amekaa kando, kalamu mkononi, akingoja kutia sahihi.

Redio alifika saa tano kutoka hospitali, shati lilelile la jana. Aliegemea meza.

"Mweke na yeye," alisema.

"Amezinduka?" mchapaji aliuliza.

"Anafungua jicho. Ananiambia shikamoo." Akaigonga meza kwa kidole. "Mweke."

"Jedwali ni la siku ile ya kiwandani," mtafiti alisema polepole. "Huyu ni wa jana."

Redio alimtazama. Mtafiti naye akayatazama maneno juu ya jedwali, akaigusa ngozi nyuma ya sikio lake.

"Ongeza mstari," akasema. "Nitatia sahihi."

Mchapaji aliweka kishale mwisho wa mstari wa ishirini na saba, akabonyeza. Ulifunguka mpya, mtupu. Namba: ishirini na nane. Idara: ulinzi.

"Jeraha," alisema.

Redio alisoma kutoka kiganjani, alikoandika kwa kalamu ya nesi. "Wengu umepasuka, wameutoa. Mkono wa kulia, mahali pawili. Goti la kushoto. Fuvu, ufa mmoja."

"Siku za kulazwa?"

"Bado anahesabu."

Aliandika *anaendelea*. Kisha akapanda juu kukisoma kichwa, kwa sababu mstari mpya ukiingia ni lazima kuangalia kama kichwa bado kinaubeba. *Wafanyakazi waliopigwa na walinzi langoni.* Alikisoma neno moja moja, akitafuta lililokuwa la uongo.

Hakukigusa. Akarudi ukurasa wa nne, akaiambia orodha ijisasishe.